Habari za mgonjwa azibebe nani?

Katika ukurasa huu muuguzi mstaafu hujibu barua za wasomaji. Safari hii tumepokea barua 3 kutoka Tabora, Kigoma na Urambo, na kwa kuwa zote zinagusa jambo moja, tumezipa nafasi yote.

SWALI LA KWANZA

Ndugu Muuguzi, salaam sana. Mimi ni mzee wa miaka 67, mkazi wa Tabora mjini, niliyestaafu kazi ya reli baada ya kuzungushwa stesheni nyingi za Reli ya Kati, tangu Itigi hadi Uvinza. Mwaka jana nilipatwa na kikohozi kisichosikia dawa. Nilipimwa makohozi ili kutafuta kifua kikuu, hakikuonekana. Nikapigwa picha ya kifua, nikapewa rufaa ya kwenda Bugando, Mwanza, na huko, baada ya kutolewa kipande kidogo cha nyama ya pafu ili kipimwe, nikaambiwa kwamba nina saratani ya pafu la kulia. Sasa napata dripu kila baada ya siku 21, na nimekwisha pata 2 kati ya 4 nilizopangiwa kabla ya kupigwa picha nyingine.

Dripu naivumilia. Kinachonishinda ni simu. Wenzangu wa kazini wana kundi la WhatsApp lenye watu 84 waliotawanyika kuanzia Kigoma hadi Morogoro, na walinichangia nauli na fedha za vipimo kwa moyo ambao sitausahau. Lakini tangu hapo kila mmoja anataka kuisikia sauti yangu, na mimi nikizungumza dakika 5 pumzi inakata. Nisipopokea wanampigia mke wangu, naye anarudia maneno yale yale mpaka usiku. Mmoja wao alikuja kuniona wodini, akanipiga picha nikiwa na dripu mkononi, akaiweka kwenye stetasi yake, na kesho yake mtu akapiga simu kutoka Kaliua kuuliza maziko ni lini. Wengine wananiuliza niko hatua ya ngapi, wengine wanauliza kama ni sigara, ambayo kweli niliivuta miaka 30. Nikinyamaza nitaonekana nina kiburi baada ya kula michango ya watu. Nikieleza yote najiona kama maiti anayesomewa wasifu. Nifanyeje? — Mzee wa Stesheni, Cheyo, Tabora.

JIBU

Mzee wangu, shikamoo, na ugua pole. Nianze na michango, kwa sababu naona ndiyo inayokutia unyonge kuliko hata hizo simu. Umechanganya hesabu mbili. Hesabu ya fedha ni haki ya kila aliyechanga: zilikusanywa shilingi ngapi, nauli ya kwenda na kurudi Mwanza imekula kiasi gani, vipimo vimekula kiasi gani, kimebaki nini. Mwekahazina wa kundi aiandike katika ukurasa mmoja, aitume, iishe. Hesabu ya mwili wako haikuchangiwa na mtu. Aliyetoa shilingi 20,000 hakununua haki ya kujua umepungua kilo ngapi wala makohozi yako yana rangi gani, na nina hakika wengi wao hawajawahi kulifikiria jambo hilo kwa namna hiyo. Wanapiga simu kwa sababu hawana njia nyingine ya kujua umeamkaje. Wapatie njia hiyo na utaona simu zinavyopungua.

Wewe ni mtu wa stesheni, kwa hiyo nitakukumbusha jambo ulilolijua kabla yangu. Abiria anayesubiri treni ya Kigoma huvumilia kuchelewa kwa saa nyingi. Kinachomwondoa kwenye benchi na kumleta dirishani kwako kwa hasira ni kutoambiwa lolote. Ubaoni pakiandikwa kwamba treni imechelewa na kwamba taarifa nyingine itatolewa saa 12 jioni, hurudi akakaa na mizigo yake. Marafiki zako 84 wako kwenye benchi. Wanachohitaji kwanza, kabla hata ya habari yenyewe, ni kujua habari inayofuata itatoka lini na kwa mdomo wa nani.

Mdomo huo usiwe wa mke wako. Yeye ndiye anayekupikia uji, anayefua mashuka uliyotapikia, anayehesabu vidonge, na usiku akiwa amechoka ndipo anapoulizwa kwa mara ya kumi kama unakula. Nikiwa kazini niliona pia familia nyingi zikimpa kazi hii mtoto mkubwa wa kiume kwa ajili ya cheo chake tu, hali anayeijua hali ya mgonjwa ni binti anayelala kwenye mkeka kando ya kitanda. Matokeo yake habari zilitoka zikiwa nusu, na nusu nyingine ikatungwa. Tafuta mtu mtulivu, asiyeongeza chumvi, ambaye ukimpa maneno matano atatoa matano. Si lazima awe rafiki yako wa karibu kuliko wote, na pengine ni heri asiwe, maana rafiki wa karibu sana hulia anapoandika. Karani mwenzako wa zamani, aliyezoea kunakili namba za mabehewa bila kukosea, anafaa zaidi. Msimamizi wa kundi anaweza kufungua kundi la pili la taarifa zako peke yake, lenye mpangilio unaowaruhusu wasimamizi tu kuandika, ili habari yako isizikwe chini ya salamu za asubuhi, picha za maua na ubishi wa Simba na Yanga.

Kisha waelezeni watu kuhusu pumzi, kwa maana wengi hawaijui habari hiyo. Mgonjwa wa saratani nyingine anaweza kuchoshwa na maswali, lakini mgonjwa wa mapafu huchoshwa na kutamka kwenyewe; pumzi unayoitumia kusema "sijambo" ndiyo ile ile unayoihitaji kwa kutoka kitandani hadi mlangoni. Wakati mwingine uvimbe wa kifuani hugusa mshipa wa fahamu unaoongoza nyuzi za sauti, sauti ikakauka, na aliye upande wa pili wa simu akakata akiwa na hakika kwamba umekwisha, kumbe umeketi unakula embe. Mtu akiambiwa hivi waziwazi, kwamba hupokei simu kwa sababu ya pumzi wala hujamkasirikia yeyote, hatachukia. Asipoambiwa atajitafutia sababu, na sababu anazojitafutia mtu huwa mbaya kuliko ukweli.

Sasa siku zenyewe. Usitoe habari kila siku. Nasema hivyo kwa majuto, kwa sababu kaka yangu alipougua mimi ndiye niliyekuwa nikituma habari asubuhi na jioni. Watu walizoea, na siku moja simu ilipoishiwa chaji kuanzia mchana hadi alfajiri, nilikuta shangazi zetu wawili wamekwisha panda basi wakilia. Tibakemia, yaani hizo dripu zako za dawa ya saratani, ina kalenda yake, nawe ifuate hiyo. Kwa dripu za kila siku 21, siku za mwanzo ni za kichefuchefu, uchovu na kukosa hamu ya chakula. Kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo walinzi wa mwili, hushuka chini kabisa, na hapo mafua ya mgeni mmoja yanaweza kukurudisha wodini. Wiki ya tatu mwili hujikusanya tena. Dawa hazifanani, kwa hiyo waulize wahudumu wa kliniki yako kama hesabu hii inakuhusu kama ilivyo. Lakini ikikuhusu, umepata ratiba ya wageni bila kumfukuza mtu. Taarifa ya kwanza itoke siku 2 au 3 baada ya dripu, ya pili itoke mwanzoni mwa wiki ya tatu ikiwaalika wanaotaka kuja, na katikati yake ukimya uwe umetangazwa mapema.

Tangazeni mapema pia kwamba dripu inaweza kuahirishwa. Kabla ya kila dripu hupimwa damu, na chembe zikiwa bado ziko chini daktari humwambia mgonjwa arudi baada ya siku kadhaa. Ni jambo la kawaida kabisa kliniki, lakini rafiki aliyeko Urambo, aliyeambiwa kwamba Jumanne utatundikiwa dripu, akisikia umerudi Tabora bila dripu atasema madaktari wamekata tamaa.

Taarifa yenyewe iwe fupi na iwe na mambo matatu: lililofanyika, hali ilivyo kwa maneno ya kawaida, na kile ambacho marafiki wafanye au wasifanye. Hili la tatu ndilo linalosahauliwa, na ndilo linalowapa watu amani, kwa sababu mtu mwenye huruma asiye na kazi ya kufanya hupiga simu. Ningekuandikia hivi, nawe ubadilishe upendavyo:

"Ndugu zetu wa reli, salaam. Mwenzetu alipata dripu ya tatu Jumanne, akarudi Tabora salama Alhamisi. Amechoka, anakunywa uji na mtindi, anasikiliza redio. Kwa siku 10 zijazo madaktari hawataki mikusanyiko ya wageni, na mwenye kikohozi au mafua asije kabisa. Simu hapokei kwa sababu kuongea kunamaliza pumzi; andikeni, husomewa kila jioni. Anayekwenda sokoni Jumamosi amchukulie machungwa. Taarifa nyingine ni Jumatatu ya tarehe 14. Mkiona kimya kabla ya hapo, ni kimya cha kupumzika."

Hapo hakuna uongo wala jambo la faragha. Hakuna pia ahadi. Naomba usiwaruhusu wakuandikie "anaendelea vizuri sana" ikiwa huendelei vizuri sana, kwa sababu neno hilo likishatumika kwa siku za shida halitakuwa na kazi siku ya nafuu ya kweli, na watakaoshtuka baadaye watasema walidanganywa.

Unangoja picha baada ya dripu ya nne, na hapo ndipo wenzako watakapokaa macho. Majibu yasitoke siku ile ile. Kwanza daktari akueleze, kisha ulale nayo usiku mmoja wewe na mama, ndipo yatoke. Kuna majibu ya namna tatu: uvimbe umepungua, umeongezeka, au umebaki vile vile. Hilo la mwisho huwachanganya watu sana. Wewe ukiandika tu kwamba uvimbe haujabadilika, marafiki watasikia kwamba fedha zao na matapishi yako vimekwenda bure, ilhali kwa ugonjwa ambao tabia yake ni kukua, kusimama ni habari ambayo daktari huweza kuipokea kwa furaha. Andikeni basi na maana yake, kama alivyoieleza yeye, msiitume namba peke yake.

Namba ya hatua nayo sioni kwa nini iende kwa watu 84. Hatua, kuanzia ya 1 hadi ya 4, ni lugha ya madaktari ya kueleza ugonjwa umefika wapi mwilini ili wachague tiba. Wala si hesabu ya miezi iliyobaki, lakini ndivyo inavyosomwa kwenye vijiwe vya kahawa. Mke wako aijue, watoto wako waijue ikiwa unaridhia, na mtu anayekusindikiza hospitali. Mwingine akiuliza, jibu ni kwamba hatua uliyopo ni ya dripu ya tatu.

Kuhusu sigara, swali hilo lina chumvi ya kuungua, nami nakuonea huruma kwalo, hasa katika mkoa wetu huu ambao tumbaku imesomesha watoto wa watu wengi. Uvutaji ndio chanzo kikubwa kuliko vyote vya saratani ya mapafu, hilo halina ubishi. Wapo pia wanaoupata ugonjwa huu bila kuwahi kushika sigara. Huna haja ya kujitetea wala kujihukumu mbele ya kundi. Sema mara moja, "Ndiyo, nilivuta, nimeacha," halafu uongeze lile litakalokusaidia: kwamba atakayekuja kukuona asivute karibu nawe, na akitoka kuvuta anawe na kubadilisha shati ikiwezekana. Kama bado hujaacha kabisa, acha leo, maana kuacha kuna faida hata baada ya ugonjwa kugunduliwa.

Yule aliyekupiga picha mpigieni simu, msimseme kundini. Karibu kila mara mtu wa namna hiyo alitaka kuonyesha kwamba alikuja kukuona, na si ajabu mlango wa wodi ulikuwa na kibandiko cha kukataza picha. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayozihesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti, lakini kati ya marafiki wa miaka 40 sheria si mahali pa kuanzia. Aombwe aifute, na taarifa inayofuata iseme kwamba picha za mgonjwa hazipigwi isipokuwa yeye mwenyewe aombe. Na uombe siku moja. Wiki ya tatu, ukiwa na kofia yako ya kazi, chini ya mwembe, mpigwe pamoja na waliokuja. Picha hiyo itamjibu yule wa Kaliua.

Yote niliyosema ni ya wale 84. Lakini ukiweka msemaji kati yako na kila mtu, nawe utabaki peke yako, na upweke wa mgonjwa mwenye taarifa nzuri nimeuona. Chagua watu 2 au 3 ambao hawapewi taarifa, wanapewa wewe: wanaoweza kuingia na kukaa nusu saa bila neno, ambao mbele yao utasema kwamba jana usiku uliogopa. Watu watakutajia methali ya mficha maradhi kuumbuliwa na kilio. Naiheshimu, ila huwa inatumika vibaya, kana kwamba inamwamuru mgonjwa kujianika. Anayeumbuliwa ni aliyewaficha wanaoweza kumsaidia. Wewe daktari anajua, mkeo anajua, hao watatu wanajua, basi hukuficha kitu.

Na watani wako je? Ikiwa u Mnyamwezi, kama nadhani, na kundini mna Wazaramo, basi bila shaka wamekwisha uliza pilau la matanga litakuwa na nyama au la. Kama linakuchekesha, mwambie msemaji awaache. Kama wiki hiyo halichekeshi, awanong'oneze wangoje wiki ya tatu. Mtani halisi huelewa.

Jambo moja halingoji taarifa wala msemaji. Ukipata homa ya nyuzi joto 38 au zaidi, au pumzi ikabana ghafla, au ukatema damu, asianze mtu kuandika kundini. Kwanza hospitali, hata kama ni usiku wa manane. Marafiki watajua asubuhi.

SWALI LA PILI

Mama Muuguzi, shikamoo. Mimi nafanya biashara ya dagaa Kibirizi, hapa Kigoma. Shoga yangu, ambaye tumeanika dagaa pamoja miaka 12, ana saratani ya mapafu na yuko Dar es Salaam, Ocean Road, akipigwa mionzi. Mwanzoni alikuwa akinijibu ujumbe, lakini sasa ni wiki 2 hajibu, nami naona alama kwamba ameusoma. Hajawahi kuvuta sigara maishani mwake na kuna watu hapa wanasema maneno. Nimemkosea nini? — Shoga Mtu, Mwanga, Kigoma.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kwa ulivyoeleza hujamkosea lolote. Mionzi ya kifua ambayo inakusudiwa kuumaliza uvimbe hupigwa kidogo kidogo, kwa kawaida Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki kadhaa, na uchovu wake hujilimbikiza. Mgonjwa anayeonekana mchangamfu wiki ya kwanza huweza kuwa hoi wiki ya tano, na hata siku kadhaa baada ya kumaliza. Tena umio hupita karibu na mapafu, nalo hupata mionzi, hivyo kumeza hata mate kunaweza kuuma. Mtu wa namna hiyo huusoma ujumbe wako, huushika moyoni, na kidole kikakosa nguvu ya kujibu. Baada ya siku 3 huona haya kwamba hakujibu, na haya hiyo humzuia kujibu siku ya nne. Ndivyo ukimya unavyokua kati ya watu wanaopendana.

Uukate wewe, kwa kumwandikia ujumbe usio na swali. Angalia jumbe zako za nyuma: "Unaendeleaje? Umekula? Madaktari wamesemaje? Unarudi lini?" Nia yako ni njema, lakini umempelekea kazi nne. Mwandikie badala yake mambo ya Kibirizi: kwamba mbalamwezi imekwisha na mitumbwi imerudi ziwani, kwamba dagaa wa juzi walikuwa wadogo lakini wakavu, kwamba fulani ameolewa Ujiji na mapambo yalianguka kabla ya bwana harusi kufika, kwamba chanja yake hujampa mtu. Mwishoni mwandikie, "Usijibu, nitaandika tena Ijumaa." Na Ijumaa uandike kweli. Mtu aliyeko mbali na kwao kwa wiki 6, anayeamka kila siku kwenda kwenye mashine ile ile, ana habari za ugonjwa za kutosha. Alichokikosa ni habari za kwao.

Ukiweza, mtumie bando bila kumwambia. Wakati mwingine mtu hajibu kwa sababu hiyo tu, na hawezi kulisema.

Habari za hali yake zitafute kwa anayemuuguza, mara moja kwa wiki, na mkubaliane mapema ni zipi unazoruhusiwa kuzifikisha Kibirizi. Usimtumie picha za mizizi wala video za watu wanaodai wamepona kwa majani. Kama anataka kutumia kitu chochote cha kunywa, daktari wake aambiwe, maana kuna mitishamba inayogombana na tiba. Na wale wanaosema maneno juu ya sigara au, kama ninavyohisi, juu ya wembamba wake, wewe unalo jibu fupi kwa kuwa unamjua: hajawahi kuvuta, na wasiovuta pia huupata ugonjwa huu. Usiendelee zaidi ya hapo. Ukianza kumtetea kwa kueleza vipimo vyake utakuwa umeyatoa yale ambayo yeye hakuyatoa.

Atakaporudi mkumbatie. Mionzi ya mashine haibaki mwilini mwa mgonjwa, haimdhuru anayemgusa, wala mtoto anayelala naye.

SWALI LA TATU

Mheshimiwa Muuguzi, baba yetu mdogo anatibiwa saratani ya mapafu kwa dripu. Familia iliona neno saratani litawatisha rafiki zake, tukawaambia ana kifua kikuu. Sasa kijiweni wamempa kikombe chake cha peke yake na wengine wanahama benchi. Anaumia sana. Je, tuseme ukweli sasa au tuongeze kwamba kifua kikuu kimepona? — Mpwa, Urambo.

JIBU

Msiongeze uongo wa pili juu ya wa kwanza. Mlikimbia ugonjwa usioambukiza mkaenda kujificha nyuma ya ugonjwa unaoambukiza kwa hewa, na rafiki zake wamefanya kile ambacho mtu mwenye hofu angefanya. Si ajabu baadhi yao wanajiangalia kila wanapokohoa, na wengine wamekwenda kupimwa kwa ajili yenu. Tena matibabu ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi 6. Mwezi wa saba ukifika naye bado anasafiri kwenda dripu, mtawaambia nini?

Hata hivyo kabla ya kuwasahihisha wao, kuna mtu hamjamtaja katika barua: yeye mwenyewe aliulizwa? Habari ni yake. Kaeni naye, mwambieni mlichosema na kwa nini, na mwombe radhi. Ikiwa kuna mwanafamilia aliyemficha hata yeye jina la ugonjwa wake, basi mkamwombe daktari amweleze kwanza, akiwa na mtu anayemwamini pembeni.

Akiridhia, msiitishe mkutano. Mtafuteni mmoja wa wale wazee wa kijiweni, yule ambaye wenzake humsikiliza, mmwambie nyumbani kwake kwamba ni saratani, kwamba haihami kwa kikombe, kwa pumzi wala kwa mkono, na kwamba familia ilikosea kusema vingine. Atawaeleza wenzake kwa namna yao, vizuri kuliko ninyi. Kisha baba mdogo arudi kijiweni katika ile wiki ambayo mwili wake una nguvu, asubuhi mapema kabla benchi halijajaa moshi wa sigara, na huyo mzee amwagie kahawa katika kikombe wanachonywea wote, kikiwa kimeoshwa kwa maji ya moto.